Haki Imeandikwa, Kibali Kiko Wapi?

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 kimeandikwa kwa ukarimu. Mkimbizi ana haki ya kuajiriwa. Ana haki ya kufanya biashara, peke yake au pamoja na wenzake. Ana haki ya kufanya kazi aliyoisomea, mradi vyeti vyake vimetambuliwa na mamlaka za Kenya. Rais Uhuru Kenyatta aliitia sheria hiyo saini Novemba 2021, ikaanza kutumika Februari 2022 na kuizika ile ya mwaka 2006. Kisha Machi 2025 Rais William Ruto akazindua Mpango wa Shirika, ambao unataka kambi za Kakuma na Dadaab zigeuzwe miji ya kawaida, yenye shule, zahanati na masoko ambayo mwenyeji na mgeni watayatumia pamoja.

Kwa anayekumbuka mambo ya miaka kumi iliyopita, haya ni mageuzi makubwa. Aprili 2015, siku chache baada ya magaidi kuua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Naibu wa Rais wa Kenya aliupa Umoja wa Mataifa miezi 3 uwe umeihamisha Dadaab. Naibu huyo alikuwa William Ruto. Mwaka uliofuata serikali ikatangaza upya kwamba kambi itafungwa, na ikaivunja kabisa idara ya wakimbizi. Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akasema amri hiyo imekiuka katiba. Machi 2021 Waziri wa Usalama Fred Matiang'i akaupa Umoja wa Mataifa siku 14 umpe mpango wa kufunga kambi zote mbili. Dadaab, iliyofunguliwa mwaka 1991, na Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, zipo hadi leo. Miezi michache baada ya kitisho hicho cha mwisho ndipo sheria mpya ikapita. Sidhani kama kuna aliyeamka asubuhi na huruma mpya moyoni. Nadhani serikali ilichoka kutishia jambo ambalo mahakama zake zenyewe hazikuliruhusu.

Hata hivyo sheria ni sheria, na ya Kenya kwenye karatasi ni nzuri kuliko nyingi za Afrika. Tatizo linaanzia kwenye dirisha la ofisi.

Tuseme muuguzi aliyesomea Bukavu nchini Kongo, mwenye diploma iliyoandikwa kwa Kifaransa, anaishi mtaa wa Kayole jijini Nairobi na amepata kliniki inayomtaka. Kwanza vyeti vyake vitafsiriwe na vipelekwe kwenye baraza la wauguzi. Akivuka hapo, anahitaji barua ya mwajiri inayoonyesha kwamba kazi ipo kweli. Anahitaji pia barua ya Kamishna wa Wakimbizi inayothibitisha kwamba yeye ni mkimbizi aliyesajiliwa. Mwisho ndipo aombe kibali cha daraja M kwa Idara ya Uhamiaji, daraja ambalo Wakenya walilitenga mahususi kwa ajili ya wakimbizi na wenzi wao. Kibali hicho hakilipiwi ada, na hilo husemwa kwa fahari katika kila hotuba. Ila bure hiyo haihesabu nauli wala siku za kusimama foleni, na haimhesabu mwajiri ambaye ana wagonjwa leo na muuguzi Mkenya anayeweza kuanza Jumatatu.

Na huyo ni wa Nairobi. Wa Kakuma ana mlima mwingine kabla ya huo, kwa sababu sheria hiyohiyo iliyompa haki ya kazi imemwachia waziri mamlaka ya kutenga maeneo ambayo wakimbizi watakaa. Kutoka eneo hilo kunahitaji pasi ya kusafiri. Pasi hutolewa kwa sababu maalumu, kama matibabu, masomo au kesi mahakamani, na kutafuta kazi hakumo katika sababu zinazokubalika kwa urahisi. Basi anatakiwa kuwa na barua ya mwajiri ili apate kibali, na hapewi ruhusa ya kwenda alipo mwajiri ili aipate barua. Kutoka Kakuma hadi Nairobi ni zaidi ya kilometa 700, na vizuizi vya polisi njiani huuliza kitambulisho kwanza, salamu baadaye.

Ndani ya kambi kazi zipo, lakini zina jina lao. Mwalimu mkimbizi katika shule ya msingi ya Kakuma halipwi mshahara, hulipwa posho ya motisha, ambayo watu wa kambini wanaiita insentivu. Mwalimu Mkenya wa darasa la jirani, mwenye wanafunzi walewale na chaki ileile, hulipwa mshahara unaozidi posho hiyo mara kadhaa. Kwa miaka mingi mashirika yamejitetea kwamba mkimbizi hana kibali cha kazi, hivyo hawezi kuajiriwa rasmi. Utetezi huo ulikuwa na mantiki chini ya sheria ya zamani. Chini ya kifungu cha 28 umebaki kuwa mazoea yanayookoa bajeti.

Wengi wamejiajiri bila kumngoja mtu. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, la kundi la Benki ya Dunia, lilitoa utafiti ulioitazama Kakuma kama soko. Likahesabu maduka na biashara zaidi ya 2,000, na matumizi ya kaya ya takriban dola milioni 56 kwa mwaka. Hapo palikuwa na wauza simu, vinyozi, maduka ya jumla ya Waethiopia na Wasomali, na kaunti ya Turkana ilikuwa inakusanya ada za leseni kama kawaida. Tangu mwaka 2015 sehemu ya mgao wa chakula ilikwishageuzwa kuwa pesa ya simu iliyoitwa Bamba Chakula, kwa hiyo hata posho ya mahindi ilikuwa inazunguka dukani. Nairobi nako, kitenge kinachouzwa nyumba kwa nyumba mara nyingi kimebebwa begani na Mkongo, na mtaa wa Islii usio na Wasomali hakuna anayeweza kuufikiria. Watu hawa walifanya biashara chini ya sheria iliyowabana na wanaendelea chini ya sheria inayowaruhusu. Wakiulizwa tofauti ni ipi, jibu lao hutegemea askari waliyekutana naye wiki ile. Waliokuwepo Aprili 2014, wakati wa msako wa Usalama Watch ambapo maelfu walikusanywa na wengi kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani, hawana haraka ya kuamini karatasi.

Msomaji wa Tanzania anaweza kuyasoma haya akitikisa kichwa kwa jirani. Asitikise sana. Miaka 50 iliyopita sisi ndio tulikuwa mfano, na somo letu linaihusu Kenya moja kwa moja.

Mwaka 1972 utawala wa Micombero ulipochinja Wahutu nchini Burundi, walionusurika walivuka kuja magharibi mwa Tanzania. Hawakuwekwa nyuma ya uzio. Walipelekwa Ulyankulu huko Tabora, na Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi, porini hasa, wakakatiwa mashamba. Walifyeka. Walilima mahindi, mihogo, maharagwe na tumbaku, wakauza ziada, wakalipa kodi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Umoja wa Mataifa uliona makazi hayo yanajitegemea, ukayakabidhi kwa serikali. Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen mwaka 1983, na aliistahili. Kabla ya hapo, mwaka 1980, Tanzania ilikuwa imewapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, uliopanua maana ya mkimbizi hadi imhusu pia mtu anayekimbia vita na vurugu zilizoivuruga nchi yake, kwetu ulikuwa sera ya kila siku.

Lakini watu wa Katumba walikuwa na ardhi bila karatasi. Walizaa, wakazika, watoto wao wakasoma Kiswahili wakaoa Wasukuma na Waha, na bado mtu akitaka kutoka makazini aliomba ruhusa. Hesabu ya mwaka 2007 ilikuta watu wapatao 218,000. Walipoulizwa wanataka nini, takriban wanne kati ya watano walichagua uraia wa Tanzania. Wakati huo mgeni aliyeomba uraia kwa kawaida alilipa mamia ya dola, lakini wao walipunguziwa hadi dola 50, na mwaka 2010 maombi ya watu 162,156 yakawa yamekubaliwa. Hakuna nchi iliyokuwa imewahi kuwapa uraia wakimbizi wengi namna hiyo kwa mkupuo mmoja.

Kisha ukaja ukimya. Serikali iliwataka raia hao wapya wahame makazi na kutawanywa katika mikoa mingine kabla ya kupewa vyeti. Wenyeji wa mikoa hiyo hawakuwa wameulizwa, na wahamaji wenyewe waliuliza kwa nini raia aondolewe kwenye shamba alilolilima miaka 38. Kwa miaka 4 walikaa hivyo: wameukana uraia wa Burundi, cheti cha Tanzania hawana, na kwenye daftari la kura wengine walikuwa wa mashaka. Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kugawa vyeti, na sharti la kuhama likaachwa. Kutoka kuvuka mpaka hadi kushika cheti ilikuwa miaka 42, na hiyo ndiyo habari njema zaidi katika historia nzima ya wakimbizi wa ukanda huu.

Wakati Katumba wakisubiri, nchi ilikuwa imekwishabadilika. Mwisho wa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo. Miti ya Ngara ilikatwa kwa kuni, visima vikakauka, na ndani ya kambi ya Benaco waliotekeleza mauaji ya kimbari walikuwa wakipanga foleni ya unga pamoja na watu wa kawaida. Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwa nguvu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikaandikwa kwa hofu ya miaka hiyo, na tangu hapo mkimbizi wa Kigoma ameishi kambini, akihitaji kibali kutoka nje ya kilometa 4. Mwaka 2017 mgao wa fedha taslimu ulisitishwa. Mapema mwaka 2018 Rais John Magufuli aliiondoa nchi katika mpango wa kimataifa wa kuwaingiza wakimbizi katika uchumi wa wenyeji, kwa hoja za usalama na fedha. Miaka iliyofuata masoko ya Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, ambako wenyeji wa Kasulu, Kibondo na Kakonko nao walikuwa wakiuza na kununua, yakafungwa. Mtendeli yenyewe ilifungwa mwaka 2021.

Kwa hiyo nchi hizi mbili zilipishana njiani. Kenya nayo ilikuwa na enzi yake ya uwazi: Waganda waliomkimbia Idi Amin miaka ya 1970 walifundisha katika sekondari za Kenya na kutibu katika hospitali zake, na wengi hawakuiona kambi. Ilipofika mwaka 1991, Somalia ikaanguka, idadi ikapanda kutoka maelfu machache hadi mamia ya maelfu, na uzio ukasimama. Kenya ya leo ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Katika nchi zote mbili ukarimu ulidumu idadi ilipokuwa ndogo na ardhi ikionekana haina mwisho, na kilichokuja baada ya hapo kilikuwa kambi. Ndiyo maana sheria ya 2021 inastahili kufuatiliwa: inajaribu kuuacha mlango wazi wakati nyumba tayari imejaa.

Ndani ya sheria hiyo kuna kifungu kidogo ambacho hakizungumzwi vya kutosha. Mkimbizi anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza, kwa hiari yake, kuiacha hadhi ya ukimbizi na kudai haki za raia wa Jumuiya chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, ile iliyoanza kutumika Julai 2010. Sheria ilipotiwa saini, hilo liliwahusu hasa Wasudani Kusini, Warundi, Wanyarwanda na Waganda. Kisha Kongo ikajiunga mwaka 2022. Somalia ikafuata Machi 2024. Bila mtu kugusa herufi moja ya sheria, wakimbizi wengi sana wa Kenya wakawa ni watu wa Jumuiya, na walioachwa nje kwa wingi ni Waethiopia. Kwa mwanasheria wa Jumuiya kule Arusha, hapo suluhisho limepatikana.

Lakini haki za Jumuiya hudaiwa kwa pasipoti au kitambulisho cha nchi utokayo. Mnyamulenge aliyekimbia Kivu Kusini itabidi aende ubalozi wa Kongo Nairobi, ajitambulishe kwa serikali ambayo alisema mbele ya maofisa wa Kenya kwamba haiwezi kumlinda, aombe pasipoti, kisha arudi kuitupa kadi yake ya ukimbizi. Akishaitupa, ulinzi dhidi ya kurudishwa kwa nguvu umekwenda nayo. Ikitokea serikali mbili zikapatana juu ya mtu fulani, yeye sasa ni mgeni kama mgeni mwingine. Kijana wa Sudan Kusini wa miaka 20 aliyezaliwa Kakuma, asiye na adui Juba, anaweza kuona biashara hiyo inalipa. Mwandishi wa habari wa Burundi aliyekimbia mwaka 2015 hataiona hivyo. Kifungu hakiwatofautishi, kimesema tu "kwa hiari", na hiari ya mtu mwenye njaa ina mipaka yake.

Njaa nimeitaja kwa makusudi. Mpango wa Shirika ulizinduliwa Machi 2025. Mwezi huohuo wakimbizi wa Kakuma waliandamana kwa sababu mgao ulikuwa umekatwa, na polisi wakafyatua risasi. Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa wa chakula hicho, ilikuwa imeivunjavunja misaada yake tangu Januari. Agosti mwaka huohuo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwagawa wakimbizi kwa makundi ya uhitaji: wa kundi la kwanza wapate zaidi, wa pili kidogo, na wa kundi la nne, wanaohesabiwa kuwa wanajiweza, wasipate kitu. Kanuni ikawa kwamba mwenye duka anajitegemea. Ila wateja wa duka hilo walikuwa watu wanaonunua kwa fedha ya mgao. Mgao ukikatwa, muuza duka wa kundi la nne anashuka kundi bila mtu kuja kumpima upya.

Na mlango wa tatu nao umefungwa. Kwa miaka mingi Mkongo wa Nyarugusu au Kakuma alikuwa na matumaini matatu: amani nyumbani, maisha mapya palepale alipo, au safari ya Marekani. Hili la tatu halikuwa ndoto ya bure. Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa yaliyopokewa huko, na ndiyo sababu Kiswahili cha Bukavu na Uvira sasa kinasikika katika shule za miji ya katikati ya Marekani. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango huo. Waliokuwa na tiketi mkononi walirudi kwenye mahema, wengine wakiwa wameuza hata sufuria. Kwa mwaka wa fedha wa 2026 Marekani iliweka ukomo wa watu 7,500 kwa dunia nzima, idadi ndogo kuliko zote tangu sheria yao ya wakimbizi ya mwaka 1980, na kipaumbele wakapewa Makaburu wa Afrika Kusini. Hilo halihitaji maelezo yangu.

Mashariki mwa Kongo hakuna amani. Likibaki tumaini la katikati peke yake, kibali cha daraja M kinakuwa na uzito ambao walioitunga sheria mwaka 2021 hawakuukadiria.

Tusimsahau mwenyeji. Mturkana aliyetoa ardhi yapata hekta 1,500 kwa makazi ya Kalobeyei mwaka 2015 amesikia ahadi za visima na shule kwa zaidi ya miaka 30, na akiona mkimbizi anapewa mafunzo ya kushona huku binti yake akichota maji kwa mwendo wa nusu siku, hasira yake haina ubaya wowote. Garissa kuna jambo la ajabu zaidi. Miaka ya ukame, Wakenya wa kabila la Wasomali walijiandikisha Dadaab kama wakimbizi ili wapate unga. Alama za vidole zikabaki kwenye kompyuta. Walipofika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, mashine ikasema ni wageni. Idadi inayotajwa ni takriban watu 40,000, raia kwa damu na kwa ardhi ambao katika mfumo wa serikali ni wakimbizi wa nchi ambayo wengine hawajawahi kuikanyaga. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuondoa ule mchujo maalumu wa vitambulisho katika kaunti za mipakani, na hatua hiyo ni ya haki. Lakini aliye kwenye orodha ya wakimbizi hahitaji tu mchujo uondolewe, anahitaji jina lake lifutwe huko, na kulifuta ni kazi ya ofisi nyingine.

Ndiyo maana sivutiwi na hotuba za uzinduzi. Ningependa kuona jedwali moja tu, lichapishwe kila Januari na Idara ya Huduma za Wakimbizi pamoja na Uhamiaji: maombi mangapi ya daraja M yalipokelewa mwaka uliopita, mangapi yalikubaliwa, na kila moja lilichukua siku ngapi kutoka lilipowasilishwa hadi lilipojibiwa. Chini yake paandikwe pasi za kutoka Kakuma na Dadaab zilizotolewa kwa ajili ya kazi. Ukurasa mmoja unatosha, na takwimu zote tayari ziko kwenye kompyuta za ofisi hizo mbili.